Safu ya Bibi Nyau: Bi Mkubwa Yuko Juu ya Kabati

Safu hii ilizoea mambo ya watu: wifi mwenye maneno, mume mwenye simu mbili, mpangaji anayelipa kwa ahadi. Tangu tulipochapisha barua moja ya paka, barua nyingine zinakuja na manyoya ndani ya bahasha. Wiki hii waliosalitiwa na waliosusa wataniwia radhi. Shida zao zitakuwepo hata wiki ijayo. Mwenye paka wawili wanaotazamana jicho kwa jicho ukumbini hawezi kungoja.

*

Bibi Nyau, shikamoo. Nina paka jike wa miaka sita, nimemlea tangu hajafungua macho vizuri. Ijumaa dada yangu kanipa mwingine, dume kijana, mweupe mwenye kiraka kimoja, mzuri wa kupigiwa picha. Nikamtoa kikapuni sebuleni, nikamweka mbele ya mwenyeji ili wajuane. Mwenyeji alitoa sauti ambayo sikujua anayo, akamzaba kofi, akapanda juu ya kabati la vyombo. Hashuki ila usiku wa manane. Chakula namletea kwa kusimama juu ya kiti. Mgeni naye yuko nyuma ya jokofu. Mume wangu anacheka tu. Nimrudishe?
— Mama wa Wawili, Tanga

Marahaba, mwanangu. Kwanza shughulika na huyo anayecheka. Muulize: siku moja arudi kazini akukute umemkalisha kijana wa kiume asiyemjua kwenye kiti chake, unamwambia, "Haya, juaneni," yeye angepanda kabati gani?

Ulichofanya ndicho wanachofanya wengi. Lakini hebu fikiri. Mtu akioa mke wa pili hamleti Ijumaa mchana na masanduku yake mpaka chumbani kwa Bi Mkubwa. Hata wanaume wapumbavu, na nimewajibu wengi hapa, wanajua kuna nyumba ya pembeni, kuna wajumbe, kuna siku za kununiwa. Wewe umeruka yote hayo kwa sababu ulitaka kuona mapenzi siku ya kwanza.

Paka hana sababu ya kukupa mapenzi hayo. Asili yake ni paka pori, ambaye mpaka leo yupo katika nyika za Kenya na Tanzania, mwembamba, mwenye milia hafifu miguuni, anayewinda peke yake na kulinda eneo lake. Huyo alisogea kwa watu yapata miaka 10,000 iliyopita, huko Mashariki ya Kati, wakulima walipoanza kuweka nafaka na panya wakaifuata. Alikuja kwa ajili ya panya. Hakuwa anatafuta ndugu. Utaniambia mbona pale sokoni, kwenye meza za samaki, wanalala kumi kumi? Wengi wa wale ni majike wa ukoo mmoja, mama na mabinti na mama wadogo, wanaosaidiana hata kunyonyesha. Akitokea mgeni, nao humtoa mbio.

Kwa hiyo ndiyo, mrudishe mgeni, ila si kwa dada yako. Mrudishe mwanzo. Mpe chumba chenye mlango, na humo awe na maji yake, sahani yake, beseni lake la mchanga na katoni iliyolazwa ubavu ajifiche ndani yake. Mlango ufungwe. Mwenyeji atashuka kabatini kwa wakati wake, atazunguka nyumba yote, atanusa chini ya ule mlango na kurudi kukutazama. Vumilia hayo macho.

Siku chache za mwanzo kazi yote ni ya pua. Paka anapojisugua shavu kwenye mguu wa meza, kwenye kona ya ukuta na kwenye ugoko wako, anaacha harufu kutoka kwenye tezi za mashavuni. Nyumba yako, ambayo wewe unaijua kwa rangi ya mapazia, yeye anaijua kwa alama hizo. Mgeni hana alama hata moja. Sasa chukua kanga kuukuu, ipasue mapande mawili. Pande moja msugue mgeni mashavuni, taratibu, akiwa ametulia, kisha uliache sakafuni mahali mwenyeji anapopita. Pande la pili fanya hivyo hivyo kwa mwenyeji, ulipeleke chumbani kwa mgeni. Akilinusa akaenda zake, umefika pazuri. Akilifokea, lisogeze pembeni, kesho jaribu tena. Usilifue.

Na hapa nisikilize vizuri, maana nakwenda kinyume na yote niliyowahi kuwafunda maharusi: hakuna udi. Hakuna chetezo, hakuna marashi, hakuna kumwogesha mgeni kwa sabuni ya mche ili anukie akipokewa. Moshi na manukato vinaziba kile kitabu wanachojaribu kusoma. Mgeni anuke alivyo. Mwenyeji ndiye atakayeamua lini harufu hiyo ni ya nyumbani.

Kanga ikishazoeleka, walishwe huku na huku ya mlango uliofungwa. Dagaa wazuri, wale usiowatoa kila siku. Ikiwa mwenyeji anagoma kula karibu, anza sahani mbali, na kila mlo isogeze shubiri moja. Unachotaka akilini mwake ni jambo moja: ile harufu ikija, dagaa wanakuja. Baadaye badilishana vyumba kwa saa moja. Mgeni atembee sebuleni bila ya mwenyeji kuwepo, na mwenyeji akague chumba cha mgeni, atazame beseni, atoe hukumu yake.

Kuonana kwa macho kuje baada ya hapo, na kuwe kwa kizuizi. Ukiwa na mlango wa wavu wa mbu, umeokoka. Usipokuwa nao, fundi yeyote atakupigia wavu kwenye fremu ya mbao. Wale kwenye wavu, kisha funga pazia. Wakishakula hivyo siku kadhaa bila makelele, fungua, wakutane kwa dakika tano, kila mmoja akiwa ameshughulishwa na kamba yenye unyoya au na chakula. Watenganishe mambo yakiwa bado mazuri, usingoje wachoke.

Nawe usimkumbatie mmoja wao umpeleke kwa mwenzake. Damu itakayotoka ni ya kwako. Sauti ya kufoka isikutishe, ni maneno tu, na Bi Mkubwa ana haki ya maneno. Usimgombeze kwa hilo wala usimmwagie maji. Atajifunza kwamba mgeni akiwepo na wewe unageuka mkali, na hapo umewapa sababu ya pili ya kuchukiana. Kinachotakiwa kukushtua ni kimya: mmoja ameganda, masikio yamelala kisogoni, macho hayapepesi, mkia umefura. Ingiza mto au sinia katikati yao, kila mmoja arudi kwake, na kesho rudini hatua moja nyuma. Ukiona mkia umesimama wima kuelekea juu, au mmoja anafumba macho polepole na kuyafumbua, basi salamu imeitikiwa.

Muda? Wiki mbili ni haraka. Mwezi au miwili ni kawaida, na wapo wanaozidisha. Siku utakapowaona wanapishana ukumbini bila mmoja kumtazama mwenzake, andaa pilau. Usingoje walambane. Kupuuzana kwa adabu ni ushindi mkubwa, na wake wenza wengi wa mtaa wetu hawajaufikia.

*

Bibi, habari. Nimepanga chumba kimoja Manzese, choo cha nje tunashirikiana. Nina paka mmoja, nimepata wa pili. Wewe unazungumzia vyumba vya wageni. Sisi je?
— Chumba Kimoja, Dar es Salaam

Mwanangu, kama hujamchukua bado, mwache. Naandika hivi bila kukudharau. Paka mzima aliyezoea chumba kimoja chake peke yake hana pa kukimbilia akiletewa mwenzake, na wewe utalala katikati ya vita. Akiwa ni mtoto bado, uwezekano ni mkubwa zaidi, kwa sababu wakubwa wengi huwavumilia watoto kuliko wanavyomvumilia mzima mwenzao.

Kama keshafika, tafuta tenga kubwa la kuku au kizimba cha waya, ukifunike nusu kwa shuka, umweke mgeni humo na vitu vyake vyote. Hicho ndicho chumba cha wageni. Mwenyeji akitoka nje mchana, mgeni anyooshe miguu. Mwenyeji akirudi, mgeni aingie. Kanga na dagaa vinafanya kazi vile vile kwenye waya. Kisha tazama juu, wapangaji huwa tunasahau kutazama juu. Chumba chako kimoja kina sakafu, kina kitanda, kina mgongo wa kabati. Gongelea rafu mbili ukutani, kila paka apate ngazi yake, na pasiwe na njia moja tu ya kushuka ambayo mmoja anaweza kukaa akaiziba. Mwenye nyumba akilalamikia misumari, mwambie panya wamekwisha.

*

Bibi, assalaamu aleikum. Nina paka dume, hajahasiwa. Nimemuokota dume mwingine gatini. Sasa wa kwanza anageuza mgongo kila kona, anatetemesha mkia na kurusha mkojo ukutani. Juzi ni kwenye mkeka wa kuswalia. Babangu hataki afukuzwe, anasema paka ni kiumbe safi na anamtaja Abu Huraira. Nami mkeka unaninukia.
— Mwenye Mkeka, Lamu

Waaleikum salaam. Baba yako mheshimu, kasema kweli. Abu Huraira alipata jina lake kwa kijipaka alichokuwa akitembea nacho, na paka akinywa chomboni maji hayanajisiki. Lakini hukumu hiyo ni ya mdomo, haikufika huko nyuma. Mkojo ni najisi, mkeka uoshwe. Kwa zaidi ya hapo muulize ustadhi wako. Mimi nashughulika na mwenye mkojo.

Dume wako hakushindwa kwenda mchangani. Anaweka tangazo. Alikuwa peke yake Lamu nzima, kwa mawazo yake, na sasa kuna mwingine chini ya paa lake, basi anaandika jina kila ukuta. Ukimpiga ataandika kwa herufi kubwa zaidi. Wahasiwe, wote wawili. Najua wanaume wa barazani watakunja miguu wakisikia, lakini si wao wanaopelekwa. Mkojo wa kurusha hupungua sana baadaye, ingawa si siku ile ile, kwa sababu homoni hushuka kwa wiki kadhaa. Wakati huo wakae mbalimbali, kama nilivyomwambia mama wa Tanga. Madume wasiohasiwa hawagombani kwa makofi, huumana, na jeraha la jino refu ndiyo njia kuu ya kirusi kile watu wanachokiita ukimwi wa paka. Wewe hakikupati, huyo wa gatini ndiye wa kupimwa.

Mkeka na ukuta uoshe kwa maji na sabuni, pitisha siki, kisha anika juani, maana jua la Lamu ni dawa usiyoinunua. Usimwage dawa ya kupaushia nguo juu ya mkojo. Vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua, na harufu ile huwaita warudi palepale.

Ila kuna jambo moja ambalo si la kusubiri gazeti. Dume akienda mchangani mara kwa mara, akachuchumaa, akalia, pasitoke kitu, huyo hatangazi chochote. Njia imeziba. Fadhaa ya kuletewa mgeni ni miongoni mwa mambo yanayochochea matatizo ya kibofu, na dume aliyeziba anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Chukua boti, mtafute daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

*

Bibi Nyau. Sisalimii kwa sababu sijashuka. Mimi ndiye mwenye nyumba. Nina watumishi wawili, mume na mke, si wabaya. Wameleta mtoto. Mtoto huyu anaurukia mkia wangu. Anakula sahanini kwangu nami namtazama kwa sababu nimelelewa. Jana kalala kwenye kiti changu. Watumishi wakaita majirani: "Njooni muone, wanapendana!" kwa kuwa mimi nilikuwa upande wa pili wa kiti hicho hicho. Nilikuwa pale kabla yake. Nimpe mgongo mpaka lini?
— Mwenye Nyumba, Mji wa Kale, Mombasa

Shikamoo, Bi Mkubwa. Barua yako nimeisoma nimesimama.

Haki zako ni hizi, wasomewe watumishi. Sahani yako iwe mbali na ya mtoto, tena mahali pa juu asipopafikia. Mabeseni ya mchanga yazidi idadi ya paka kwa moja: ninyi ni wawili, basi matatu, yasipangwe pamoja kona moja, maana mtoto akikaa mlangoni hapo keshayafunga yote. Wewe ulishwe kwanza, ushikwe kwanza, usalimiwe kwanza wanaporudi. Mtoto achoshwe kwa kamba na mpira kabla hajaachiwa mbele yako. Ule mkia wako ulikuwa mchezo wa pekee ndani ya nyumba, kosa si lake. Kama walitaka mtoto, pengine wangechukua wawili wa tumbo moja, waumane wenyewe kwa wenyewe nawe uendelee na usingizi. Kofi bila kucha ninakuruhusu. Ndivyo mtoto anavyojifunza, na watumishi wasikimbilie kumwokoa.

Kususa chakula, hata hivyo, usisuse. Najua ni silaha ya heshima. Lakini paka asipokula siku mbili, hasa aliyenenepa kwa utumishi mzuri kama ulionao, mafuta humjaa kwenye ini na maradhi hayo huua. Watumishi wakiona sahani haijaguswa tangu jana, wakupeleke kwa daktari. Utawakwaruza njiani, ni sawa.

Kuhusu kile kiti: sijasema unampenda. Siri yako iko salama.

*

Bibi, nimeuziwa paka huku Watamu kwa bei ya mbuzi wawili. Muuzaji anasema ni kadzonzo halisi wa msitu wa Arabuko-Sokoke, damu ya porini, na kwamba paka wangu wa kawaida watamtambua kwa cheo chake na kumwachia nafasi. Wamemwachia makucha.
— Aliyelipa, Kilifi

Kadzonzo wapo, na Wagiriama waliwajua kabla hajatokea wa kuwauza. Mwaka 1978 Jeni Slater, mkazi wa huko huko kwenu, aliwachukua watoto wa paka wenye madoa kama magome ya mti, akawazalisha. Miaka ya 1980 baadhi walipelekwa Denmark, na leo ni kabila la paka linalotambuliwa kwa jina la Sokoke, tena ni wachache duniani. Lakini ni paka wa nyumbani, si chui mdogo, na cheti chake hakinuki. Paka wako wamenusa mgeni asiye na kanga, wakamjibu ipasavyo.

Wasiwasi wangu kwako ni mwingine. Umemwingiza moja kwa moja kutoka kwa muuzaji. Yeyote anayetoka sokoni, msituni au gatini akae peke yake wiki mbili hata kama tabia yake ni ya malaika. Apewe dawa ya minyoo, viroboto washughulikiwe, apate chanjo ya kichaa cha mbwa na ile ya homa kali ya matumbo ya paka, ambayo kirusi chake kinaweza kudumu ndani ya nyumba hata mwaka. Wenyeji nao chanjo zao zikaguliwe. Bei ya yote hayo ni ndogo kuliko mbuzi mmoja.

*

Majibu ya mkato, kwa barua zisizochapishwa:

Kwa Muuguzi wa Nyumbani, Iringa: usimpe panadol kwa sababu ya mikwaruzo. Hata kipande cha kidonge kinaweza kumuua paka. Rudisha pakiti kabatini.

Kwa aliyeingiza mkono kuamulia ugomvi, Kisumu: jeraha lioshwe sasa kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha hospitali. Kichaa cha mbwa hakijali jina lake, na paka pia hukiambukiza. Umalizie kusoma safu hii kwenye foleni.

Kwa Mwenye Duka, Arusha: dawa ya viroboto ya mbwa usimpake paka, hata kidogo, hata kwa kumpunguzia. Nyingi zina permethrin, nayo kwa paka ni sumu.

Kwa Mama Watoto, Bukoba: wa miezi minne anaweza kushika mimba, ndiyo, hata kwa kaka yake. Hao wawili unaosema "bado wanacheza" watenganishe leo, na miadi ya kuhasi uiweke wiki hii.

Kwa Bwana wa Chake Chake anayetaka kujua kama utaratibu wa chumba, kanga na mlango unafaa pia kwa kumwingiza mke wa pili: bahasha yako ilikuwa na anwani nyuma, bwana. Nimemjibu mkeo.